Vyuo vikuu viwili vimenikubali kusoma sayansi ya kompyuta: nipime kwa kigezo gani?

Mwombaji aliuliza:

Wakubwa zangu shikamooni, na wa rika langu habari zenu.

Nimepata barua mbili za udahili kwa shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta, na nimebakiwa na siku 12 za kuthibitisha nafasi moja na kuiachia nyingine. Chuo cha kwanza, ambacho nitakiita Chuo A, ni kikubwa na cha siku nyingi, na jina lake linajulikana hata kwa watu ambao hawajawahi kugusa kompyuta. Shahada yake ni ya miaka minne, na miaka miwili ya mwanzo imejaa hisabati: kalkulasi, matriksi, mantiki na nadharia ya uwezekano, huku somo la kuandika programu likiwa moja tu kwa kila muhula. Chuo B ni kidogo, hakijatimiza hata miaka 15, shahada yake ni ya miaka mitatu, na kijitabu chake kinaahidi kwamba mwanafunzi ataanza kutengeneza programu za simu tangu muhula wa kwanza, kisha zitafuata akili unde na usalama wa mitandao. Ada hazitofautiani kiasi cha kuamua jambo.

Moyo wangu unaelekea B, na sitaficha sababu. Hisabati nilifaulu, lakini kwa jasho, ilhali kuandika programu nilijifunza mwenyewe kwa lugha ya Python na nikaipenda. Mwaka jana niliandika programu ya kupanga ratiba ya mitihani ili mwanafunzi yeyote asijikute na mitihani miwili kwa wakati mmoja. Kwa darasa letu lenye masomo 7 na vipindi 10 vya mtihani katika wiki, ilitoa jibu chini ya dakika moja. Rafiki yangu alipoijaribu kwa shule yao nzima, yenye masomo 24, iliendelea kuzunguka usiku kucha bila kutoa chochote, na tukakubaliana kwamba kompyuta yake ni dhaifu.

Wazazi wanasema jina la chuo ndilo litakalonilisha. Ninachoomba kwenu si kunichagulia, bali kunionyesha ni kitu gani hasa nikitazame ninapovilinganisha vyuo hivi.

Mhandisi wa programu alijibu:

Mdogo wangu, marahaba na hongera. Niruhusu nianzie kwenye programu yako ya ratiba, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jibu la nusu ya swali lako.

Kwa maelezo yako, nahisi programu hiyo ilikuwa inajaribu kila mpangilio unaowezekana mpaka iupate ule usiogonganisha masomo. Kwa masomo 7 na vipindi 10, mipangilio yote ni milioni 10, na kompyuta ya kawaida huipitia bila shida. Kwa masomo 24 na vipindi vile vile 10, mipangilio ni 1 ikifuatwa na sifuri 24, na hata mashine inayokagua mipangilio bilioni moja kwa sekunde ingehitaji zaidi ya miaka milioni 31 kuimaliza. Kompyuta ya rafiki yako mmeisingizia.

Tatizo mlilokutana nalo lina jina lake: ni kupaka rangi grafu. Kila somo lichore kama nukta. Masomo mawili yakiwa na mwanafunzi anayeyafanya yote mawili, yaunganishe kwa mstari. Kisha kila kipindi kifanye kuwa rangi, kwa sharti kwamba nukta mbili zilizounganishwa zisipate rangi moja. Mwaka 1972 mwanasayansi wa kompyuta Richard Karp aliliweka suala la kutafuta idadi ndogo kabisa ya rangi katika orodha yake ya matatizo 21 ambayo mpaka leo hakuna aliyepata njia ya haraka ya kuyatatua katika kila hali, wala aliyethibitisha kwamba njia hiyo haipo. Hata hivyo, miaka mitano kabla yake, Welsh na Powell walikuwa wamekwisha kuchapisha makala kuhusu grafu hizo hizo na matumizi yake katika kupanga ratiba, na njia yao ni nyepesi: anza na somo lenye migongano mingi zaidi, lipe kipindi cha kwanza, kisha shuka kwa yanayofuata ukilipa kila moja kipindi cha mapema kabisa ambacho hakigongani na yaliyokwisha kupangwa. Haikuhakikishii vipindi vichache kuliko vyote, lakini kwa masomo 24 itamaliza kabla hujaondoa kidole kwenye kibodi.

Hilo ndilo jambo ambalo chuo hukupa na ambalo ni vigumu kulipata peke yako, kwa sababu mtu hawezi kutafuta mtandaoni kitu ambacho hajui kwamba kina jina. Python uliweza kujifunza mwenyewe, na lugha ijayo utajifunza hivyo hivyo. Mimi nilifundishwa Pascal, aliyoitoa Niklaus Wirth mwaka 1970, na tangu nihitimu sijalipwa hata mara moja kwa kuandika mstari wa Pascal. Lakini miti ya utafutaji, yaani namna ya kupanga data kwa matawi ili ipatikane haraka, niliyoihangaikia kwa lugha hiyo naikuta leo, na binamu zake, ndani ya kila hifadhidata ninayoigusa.

Kwa hiyo kijitabu kinachoahidi programu za simu muhula wa kwanza kisikutie wazimu. Jumuiya za wataalamu wa kompyuta na akili unde, yaani ACM, IEEE Computer Society na AAAI, zimetoa kwa pamoja mwongozo wa mtaala uitwao CS2023, unaogawa taaluma hii katika maeneo 17, yakiwemo algorithimu (hatua za kutatua tatizo), mifumo ya uendeshaji, usanifu wa kompyuta, mitandao, usimamizi wa data, usalama, akili unde, na misingi ya hisabati na takwimu. Uweke mtaala wa B kando ya mwongozo huo, uone ni maeneo gani yamepewa muhula mzima na yapi yametajwa kwa aya moja. Kwa sasa mimi naegemea A.

Mwajiri mstaafu alijibu:

Mwanangu, naungana na mhandisi kuhusu misingi, ila wazazi wako msiwapuuze. Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa meza ya usaili, na ninakiri jambo ambalo si la kujivunia: maombi yakiwa mia mbili na muda ukiwa wa kusoma hamsini, jina la chuo huamua ni yapi yasomwe. Nguvu hiyo hudumu mpaka kazi ya kwanza tu. Ukishakuwa na miaka miwili kazini hakuna anayekuuliza ulisoma wapi. Unaulizwa umejenga nini na kilipoharibika ulifanyaje. Lakini mlango wa kwanza ni mlango, na chuo kikubwa kina wahitimu waliotangulia ambao humkumbuka mtu wa kwao.

Jambo la pili ni miaka mitatu dhidi ya minne. Kama unafikiria uzamili nje, lichunguze sasa na si baadaye. Katika nchi nyingi za Ulaya, kutokana na mageuzi yaliyoanzia kwenye Azimio la Bologna la mwaka 1999, shahada ya kwanza ya miaka mitatu ni jambo la kawaida, ilhali vyuo vingi vya Marekani hutarajia shahada ya miaka minne au inayolingana nayo. Na kabla ya yote hayo, uliza kama programu yenyewe ina ithibati ya mamlaka ya elimu ya juu, kwa sababu chuo kinaweza kuwa nayo huku programu mpya ikiwa bado inaisubiri.

Mkufunzi wa maabara alijibu:

Ndugu mwombaji, umeuliza ukitazame kitu gani, na wenzangu wamekutajia mtaala na jina. Mimi nakwambia tazama karatasi mbili: mtihani uliopita wa somo la algorithimu, na zoezi la mwanafunzi lililokwisha kusahihishwa.

Mtaala huandikwa ili upitishwe na kamati, na mitaala miwili inaweza kufanana neno kwa neno huku darasani mambo yakiwa mbingu na ardhi. Mtihani hausemi uongo kiasi hicho. Swali likiwa "Taja sifa tano za algorithimu bora", basi hapo kunakaririwa. Likiwa "Hii hapa njia ya kupanga orodha, onyesha mfano unaoifanya ikosee", hapo kuna mtu anafundisha kufikiri.

Zoezi lililosahihishwa hueleza zaidi. Nilipokuwa mwaka wa kwanza, tulipewa kazi ya kufuta kipengele katika orodha iliyounganishwa kwa pointa (kielekezi cha mahali kilipo kipengele kinachofuata), kwa lugha ya C. Programu yangu ilifanya kazi kwa kila kipengele isipokuwa cha kwanza, ambapo ilizimika ghafla bila neno lolote la maana. Nilibadilisha mistari kwa kubahatisha mpaka usiku wa manane. Asubuhi, msaidizi wa maabara hakugusa kibodi yangu. Alinipa penseli na kuniamuru nichore kila kipengele kama kisanduku na kila pointa kama mshale, kisha nifute kile cha kwanza kwenye karatasi. Nilipofuta kisanduku, mshale wa kuingilia orodha ulibaki ukielekea patupu, na sikuhitaji kuambiwa zaidi. Dakika kumi zile zimenifaa kuliko mihadhara mingi, na zilipatikana kwa sababu chumba kile kilikuwa na wanafunzi 20 na wasaidizi wawili.

Kuhusu majedwali ya ubora wa vyuo, ambayo naona hukuyataja lakini bila shaka utatajiwa, soma kwanza yanapima nini. Jedwali kuu la Shanghai, lililoanza mwaka 2003, linatoa asilimia 30 ya alama zake kwa tuzo za Nobel na nishani za Fields za hisabati walizopata wahitimu na wafanyakazi wa chuo. Sayansi ya kompyuta haina Nobel yake; tuzo yake kubwa ni ile ya Turing, inayotolewa tangu mwaka 1966, na mwanasayansi wa kompyuta Geoffrey Hinton alipopata Nobel mwaka 2024 ilikuwa ya fizikia. Hakuna sehemu ya jedwali hilo inayouliza kama kuna mtu wa kukupa penseli.

Mwombaji aliandika tena, siku nane baadaye:

Nawashukuru nyote. Nianze na ratiba: niliiandika upya kwa njia ya Welsh na Powell, mistari haikufika hata 40, na masomo 24 ya shule ile yakaingia katika vipindi 9. Nilikaa nikitazama kioo nikidhani imekosea, nikakagua migongano kwa mkono, haikuwepo.

Kisha nikatafuta karatasi mbili. Kwa Chuo A nilipata mitihani ya algorithimu ya miaka minne kupitia mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Maswali ni magumu na mazuri, siwezi kuyasema vibaya. Lakini alipopiga picha mazoezi yake ya kuprogramu yaliyorudishwa, kila moja lilikuwa na namba tu juu ya ukurasa, 62, 70, 58, bila neno. Anasema darasa lao la mwaka wa kwanza lina watu wapatao 400 na maabara hujisimamia yenyewe. Kwa Chuo B, karani wa idara alinitumia mitihani siku hiyo hiyo. Nilitegemea wepesi, nikakuta swali la pili linataka mtahiniwa atoe grafu ambayo njia niliyoisifia hapo juu inatumia rangi nyingi kuliko inavyohitajika. Zoezi nililoonyeshwa na mwanafunzi wao lilikuwa limeandikwa pembeni kwa wino mwekundu: "Orodha ikiwa tupu itakuwaje?", na chini yake, "Rudia, uniletee Alhamisi." Hisabati ya mantiki na grafu ipo pia, ila wameificha chini ya jina "Misingi ya Kompyuta", jambo ambalo sijui kwa nini kijitabu chao hakijivunii. Ninachokikosa kwao ni matriksi na uwezekano, ambavyo vimebanwa katika muhula mmoja.

Ithibati ya programu ipo, nimeiona kwenye orodha ya mamlaka yenyewe. Naelekea kuthibitisha B, isipokuwa mtu aone shimo ambalo sijaliona.

Mhandisi wa programu alijibu:

Kama ningepata karatasi hizo kabla ya kuandika, nisingeegemea A. Shimo lililobaki ni hilo la matriksi na uwezekano: bila hivyo viwili, somo lao la akili unde litakuwa la kubonyeza vitufe vya maktaba za programu zilizokwisha kuandikwa na wengine. Waulize kabla ya kuthibitisha kama mwanafunzi anaruhusiwa kuchukua somo la ziada katika idara ya hisabati na likahesabiwa kwenye shahada.

Mwombaji alijibu:

Nimewauliza leo asubuhi. Wanaruhusu masomo mawili, kuanzia mwaka wa pili, kwa barua ya mkuu wa idara. Nimethibitisha B na nafasi ya A nimeiachia.