Springi na tapeti za 3L zilizochanganyika

Wakuu, naunga hedi ya Toyota 3L, injini ya dizeli. Springi za valvu, tapeti (vikombe vinavyosukuma valvu) na shimu (visahani vya chuma juu ya tapeti) zimetoka kwenye hedi mbili, zote beseni moja. Nianzie wapi?

— Springi kwanza. Isimamishe juu ya kioo, weka skwea ubavuni. Iliyoinama zaidi ya mm 2 tupa. Kisha bana mbili kwenye jiriwa, ncha kwa ncha, katikati yake weka washa bapa ya chuma. Inayojikunja zaidi ndiyo imechoka.

— Tapeti ipake oili uiingize kwa kidole. Izunguke bila kucheza. Ikikwama jaribu tundu lingine kabla ya kuilaumu. Shimu pima kwa maikromita pale katikati kamshafti ilipokwangua. Namba ya nyuma ni unene wa siku ilipotoka kiwandani!

— Saga valvu kabla ya kupanga shimu, mkuu. Ukisaga, valvu inapanda na nafasi kati ya kamshafti na shimu inapungua. Nafasi injini ikiwa baridi: ingizo mm 0.20–0.30, egzosi mm 0.40–0.50. Egzosi ikisoma 0.60 kwa shimu ya 2.50 nawe unataka 0.45, weka 2.65. Nafasi ikibana, valvu haikai kwenye siti, inaungua.

— Shukrani. Springi tatu zimeshafeli kwenye kioo.