Acheni kutukatia mwisho wa episodi! Anime za pole pole si takataka za kurukwa

Assalaam aleikum wadau. Jambo hili nimekaa nalo tangu juzi usiku nikidhani litanitoka, halijanitoka. Nimeamua kuliandika, na nitaliandika lote, kwa hivyo mwenye haraka apite.

Mimi hutazama anime, yaani katuni za Kijapani, za zamani, zile za utulivu, na huzirudia. Mushishi ya 2005 nimeimaliza mara nne, na hii ilikuwa ya tano. Haibane Renmei ya 2002 huirudia karibu kila mwaka mvua za masika zikianza. Kuna Kino no Tabi ya 2003, kuna Aria iliyoanza 2005. Humo hamna mtu wa kutangaza jina la ngumi yake kabla hajaipiga. Wanaozipenda hizo za ngumi wazitazame, sina ugomvi nao hata kidogo. Ugomvi wangu ni na wale wa huduma ya kutazamia anime mtandaoni, wanaochukua pesa yangu kila mwezi kisha wakaniamulia kwamba hiki ninachokitazama hakina maana.

Juzi baada ya isha nilikuwa nyumbani, Kibokoni, Mombasa, na nyanya. Stima ilikuwako, bando lilikuwako, kahawa chungu iko kwenye birika, sahani ya kashata katikati yetu. Nyanya hasomi haya maandishi ya chini ya Kizungu, yeye kasomea herufi za Kiarabu, basi mimi humfasiria huku tukitazama. Tulianza Mushishi mwezi uliopita. Nilidhani atachoka siku ya kwanza. Wapi! Ikifika saa tatu yeye ndiye wa kuniuliza, "Yule mganga hatumuoni leo?"

Kwa wasioijua: Ginko ni msafiri mwenye nywele nyeupe na jicho moja la kijani, kabeba sanduku la mbao mgongoni, anazunguka vijijini kutibu watu waliopatwa na mushi. Mushi si wanyama, si mimea, na wala si mashetani. Ni viumbe vya asili kabisa ya uhai, vipo tu, na wengi wetu hatuvioni. Ginko mwenyewe huvivuta vimfuate, ndiyo maana hawezi kukaa mahali pamoja, na ndiyo maana daima ana sigara mdomoni, kwa sababu moshi wake huvitawanya. Hilo la moshi nilikuwa najiandaa kumweleza nyanya kwa kirefu. Hakuningoja. Alimtazama Ginko akipuliza moshi, akasema, "Huyu yuwafukiza," akaendelea kunywa kahawa yake. Mtu aliyefukiza udi na ubani nyumba hii miaka yote hahitaji kufunzwa na mimi.

Basi juzi tulifika episodi ya 8. Ni ile ya mtu ambaye mkewe alipotelea baharini kwenye ukungu, chombo kikaondoka naye, na yule mume akabaki papo hapo ufuoni anamngoja. Hapigani na mtu. Anangoja tu, anaangalia maji. Sasa nyanya yangu aliolewa na baharia wa majahazi. Anajua kukaa na kuhesabu siku za kaskazi na za kusi, na kwenda kuulizia bandarini kama kuna chombo kimeingia. Sikufasiri neno hata moja nusu ya pili ya ile episodi, kwa sababu alininyamazisha kwa mkono. Tasbihi ilikuwa kiganjani mwake na haikusogea.

Episodi ikaisha. Kwenye Mushishi, mwisho wake ni kitu cha pekee. Huo msimu wa kwanza una episodi 26, na mtunzi Toshio Masuda aliitungia kila moja muziki wake wa kufungia. Vipande 26, hakuna kinachorudiwa. Majina yanapita taratibu, na ule muziki ndio unaokupa nafasi ya kumeza ulichokiona. Kwa hadithi ya namna ile, huo muziki ni sehemu ya hadithi yenyewe. Mkurugenzi Hiroshi Nagahama hakuuweka pale ili upate muda wa kwenda kujisaidia.

Noti zilipoanza tu, picha ikajikunja ikawa dirisha dogo pembeni, na kioo kizima kikajaa tangazo la anime mpya ya vita. Mlipuko. Mayowe. Magitaa. Sauti mara mbili ya tuliyokuwa tukisikiza. Nyanya alishtuka, kikombe kikampindukia mapajani, kahawa ya moto kwenye leso. Nikaruka kutafuta rimoti, na kabla sijaipata, episodi ya 9 ikawa imeshaanza yenyewe.

Nyanya akaniuliza, "Yamekwisha? Na ule muziki?" Nikamwambia wameukata. Akasema, "Wana haraka ya kwenda wapi hawa?" Akainuka kwenda kubadilisha leso, na hakurudi kutazama.

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ambayo haijashuka mpaka sasa.

Nimewaandikia huduma kwa wateja mara tatu. Mara ya kwanza nikaambiwa maoni yangu yamepokelewa. Mara ya pili nikatumiwa maelekezo ya kuzima ile kujirusha yenyewe. Nikazima, nikazima na kwenye simu pia. Kweli episodi haijirushi tena, lakini picha bado inajikunja na tangazo bado linalipuka! Mara ya tatu nikajibiwa maneno yale yale ya mara ya kwanza, nukta kwa nukta. Mimi ni mteja wa miaka miwili. Sijawahi kuchelewesha malipo hata siku moja, kwa sababu nikichelewa wao hunikatia saa ile ile. Huko ndiko wanakojua kuwa makini.

Na si Mushishi tu. Aria nayo wameiharibu upande wa mwanzo. Walioitazama wanajua kwamba wimbo wake wa kufungulia hauna picha zake maalumu zinazojirudia kila wiki. Unaimbwa juu ya hadithi yenyewe ya siku ile: msichana Akari anapiga kasia, anapita chini ya daraja, kunakucha Neo-Venezia, mji wao wa mifereji, na maneno yamekwisha kuanza. Sasa hawa wameweka mtambo wao unaosikia wimbo na kudhani ni utangulizi, basi unauruka. Unajikuta katikati ya mazungumzo ambayo hukuona yalivyoanza. Asubuhi nzima ya watu imetupwa! Kuna mtu aliyekaa akachora yale maji. Sisi tuliokulia Mji wa Kale, tuliokaa ngazi za Forodhani tukitazama mashua zikirudi, tunajua maji ya asubuhi yana rangi gani na ya jioni rangi gani. Yule mchoraji alijua pia, na mtambo haujui.

Nikaona basi, niachane nao, niende kwenye duka la muvi, kule mjini, nipeleke diski yangu nijaziwe Mushishi yote. Kijana akanipigia kesho yake kwamba iko tayari. Nimefika nyumbani, nafungua, kila episodi fupi kuliko inavyotakiwa. Nyimbo za mwanzo hazipo, za mwisho hazipo. Nikarudi na jua lote lile.

"Bro, nilikukatia ili ziingie zote. Kule mwisho ni majina tu."

Majina tu. Majina ya waliochora kila jani na kila tone la mvua unaloliona mle ndani, na waliotunga na kupiga ule muziki. Nikamwuliza kama ameitazama hata moja. Akasema alijaribu, akasinzia. Sikumlaumu kwa kusinzia. Nilimlaumu kwa kushika mkasi. Kitu hujakitazama, utajuaje wapi pa kukata?

Sasa nageuka kwenu humu ndani, maana na nyinyi nina neno nanyi. Kila tukizitaja anime hizi lazima atokee mtu kuandika "hakuna kinachotokea humo," na mwingine amshauri atazame kwa kasi ya moja na nusu. Juzi mmoja kasema aliimaliza Haibane Renmei kwa jioni moja namna hiyo na "hakuona cha ajabu." Ndugu yangu, wewe hukuitazama. Kuna ule usiku Rakka, msichana mgeni, anapoota mabawa mgongoni. Yanachana ngozi ya mgongo, damu, homa, msichana amelala kwa maumivu. Reki, mwenyeji wake, anakaa naye mpaka alfajiri, anayafuta damu yale mabawa, unyoya kwa unyoya, taratibu, mpaka yabaki safi. Mara ya kwanza unaona wema wa mtu kwa mgeni wake, basi. Ukimaliza episodi zote 13 ukarudi mwanzo, unajua sasa Reki mwenyewe amebeba nini moyoni, na kwa nini mikono yake haiwezi kuacha hata tone moja la damu kwenye manyoya ya mwenziwe. Picha ni ile ile, haikubadilika hata mstari mmoja, na mimi mara ya pili ilinitoa machozi. Utalionaje hilo kwa kasi ya moja na nusu? Utaona mtu anafuta vumbi kabatini.

Ndiyo maana tunarudia! Si kwamba hatuna kazi wala hatujui kwamba kuna mpya zimetoka. Mtu anapanda kivuko cha Likoni miaka thelathini na bado anasogea pembeni atazame maji, na hakuna anayemwambia ameshayaona.

Ninachokitaka si kikubwa. Nipeni kitufe kimoja kinachosema: acha iishe. Nikibofya, hakuna kinachojikunja, hakuna tangazo, hakuna kurukwa, mpaka kioo kizime chenyewe. Na kama huduma haitaki kukiweka, iseme wazi kwenye ukurasa wa kujisajili kwamba inauza anime zilizokatwa mwanzo na mwisho, tuamue wenyewe kama tunalipa. Mimi nimeshaacha kulipa tangu jana.

Na kama yupo hapa Mombasa mwenye diski halisi za Mushishi ya 2005, zote 26, na miziki yake ya kufungia, aniandikie. Niwe nimeazimwa, niwe nimekodi, niwe nimekuja kutazamia kwake, yote sawa. Nitafika hata Mtwapa. Ninachohitaji kwanza ni dakika za mwisho za episodi ya 8, kwa sababu nyanya bado hajausikia ule muziki, na amekataa kuendelea na ya 9 mpaka ausikie.