Naomba ushauri: bodi za dari kwa pumba za mpunga

Habari zenu wakuu. Niko Ubaruku, Mbarali (mkoani Mbeya, Tanzania), ambako mashine za kukoboa mpunga zimezungukwa na vilima vya pumba, na nyingi zinachomwa moto tu. Nimejaribu kutengeneza bodi za dari kwa pumba, gundi nyeupe ya mbao, fremu na jeki ya gari ya kukandamizia. Zikikauka zinapendeza, ila ukiishika pembeni inamegeka kama mkate mkavu. Nimeelezwa kuwa ganda la mpunga lina silika (madini magumu kama ya mchanga) na nta, ndiyo maana gundi haishiki. Je, nizisage kwanza, au nizichemshe na chokaa? Saruji nilijaribu mara moja, siku 3 nzima haikuganda! Na mchwa wa huku hawana adabu. Mwenye uzoefu, hata wa mabaki ya miwa au mkonge, anisaidie.