Naomba msaada: namtafuta baba wa bibi yangu kwenye vitabu vya kanisa, Usambara

MjukuuWaMlalo
Wakuu, habari za jioni. Kwetu ni Lushoto, kwa sasa naishi Dar. Bibi yangu mzaa baba alikuwa chotara, na nyumbani hilo halikuwahi kuwa siri. Watoto wa jirani walimwita Bibi Mzungu mpaka alipofariki 1998. Marehemu shangazi Elizabeti, binti yake wa kwanza, ndiye aliyetusimulia kwamba aliyemzaa bibi alikuwa Mjerumani wa mashambani, akaondoka vita ya kwanza ilipopanda milimani, asirudi tena.

Mwezi uliopita nilikwenda usharikani nikaomba kuona vitabu vya zamani. Mzee wa kanisa akanitolea viwili, vimefungwa kwenye kipande cha kitenge. Pembeni vimeliwa na mende, wino umegeuka rangi ya chai. Bibi nimempata: kazaliwa 1915, kabatizwa 1921, kaandikwa na mmisionari. Sehemu ya baba haisomeki vizuri. Nilipiga picha kurasa kama kumi, za ubatizo na za mazishi.

Naomba kujua: kumbukumbu nyingine za misheni zipo wapi, na nani humu anasoma mwandiko wa Kijerumani wa zamani? Nina haraka kidogo. Natanguliza shukrani.

BandariSalama
Mkuu sema tu unataka paspoti ya Ujerumani, hapa hatuna wivu. Ukifika huko tuvute na sisi, hata jina nabadilisha.

WakiliWaMtaani
Kama ni uraia, mwambieni apumzike. Mwaka 1906 serikali ya koloni ilipiga marufuku ndoa za Wazungu na Waafrika huku kwetu, kwa hiyo watoto hawa kisheria walikuwa wa nje ya ndoa. Na mtoto wa nje ya ndoa sheria ya Ujerumani haikumpa uraia kwa upande wa baba mpaka Julai 1993. Hata akiupata kwa muujiza, wa Tanzania anaupoteza, maana mtu mzima haruhusiwi kushika viwili.

MjukuuWaMlalo
Jamani sijasema paspoti. Nataka jina tu.

NjombeBaridi
Sisi huku Nyanda za Juu Kusini tuliletewa injili na Misheni ya Berlin, walifika 1891. Babu yangu alikuwa mpishi wa mmisionari. Alijifunza kuoka mkate wa ngano kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na mpaka leo Krismasi ukoo mzima tunaoka hivyo hivyo. Mama alikuwa akigonga mkate kwa kifundo cha kidole, akisikia mlio mtupu anasema umeiva. Nimekumbuka mbali sana. Kuhusu vitabu, sijui.

DadaBielefeld
Mjukuu, naishi mji uleule ilikotoka Misheni ya Bethel, waliowahubiria Wasambaa, kwa hiyo nitakueleza ninachokijua.

Misheni hiyo baadaye iliunganishwa na nyingine ikawa VEM, makao yake Wuppertal, na wana hifadhi ya nyaraka. Waandikie, wanajibu. Ila huko utakuta zaidi barua na taarifa za wamisionari. Kitabu chenyewe cha ubatizo mara nyingi kilibaki usharikani, hicho ulichokishika. Mafaili ya serikali ya Kijerumani yapo hapohapo Dar, Nyaraka za Taifa. Vizazi na vifo vya Wajerumani walioandikishwa makoloni unaulizia ofisi ya Standesamt I, Berlin.

Ukishapata jina na mji aliotoka, ndipo unarudi nyuma huku. Uandikishaji wa serikali ulienea Ujerumani nzima kuanzia Januari 1876. Kabla ya hapo, sehemu nyingi ni kanisa tu: ubatizo, ndoa, mazishi. Vya Kiprotestanti vingi vipo kwenye mtandao wa Archion kwa kulipia, vya Kikatoliki tazama Matricula, bure.

Usitegemee kukuta kaburi. Huku kaburi ni la kukodi, kwa kawaida miaka ishirini au thelathini, familia isipolipia tena jiwe linaondolewa na mahali anapewa mwingine. Mama mwenye nyumba wangu alinipeleka kwa wazazi wake, tukakuta jiwe limebandikwa karatasi ya manjano ya kumtaka afike ofisini kabla muda haujaisha. Alisimama akiisoma na maua mkononi. Mimi mtoto wa Muheza, kwetu kaburi la babu lipo nyuma ya jiko na hakuna anayelidai kodi, nililia kuliko yeye.

MamaUpendo
Mwanangu, waache waliolala walale. Biblia imekataza kujishughulisha na nasaba zisizo na mwisho. Muombee bibi, toa sadaka ya shukrani, endelea na maisha.

MzeeWaBumbuli
Mjukuu, mimi ni mzee wa huko huko milimani. Umesema una haraka. Aliyekufa 1998 na aliyeondoka wakati wa vita wanakuharakisha nini? Sema yote tukusaidie.

MjukuuWaMlalo
Shikamoo mzee wangu. Nilitaka kulieleza baadaye. Tunamjengea bibi kaburi. Jiwe nimeshaliagiza kwa fundi Tanga, nimelipa nusu. Kwenye jiwe nimeandikisha jina lake la ubatizo na jina la ukoo la yule Mjerumani. Kazi inakwisha mwisho wa mwezi. Baba yangu ana miaka 80, nilipomwambia akanyamaza siku mbili, kisha akasema jiwe hilo halitapita mlangoni kwake. Ndiyo maana nataka ushahidi wa kanisa, aone mwenyewe.

FunduMarumaru
Umelipa shilingi ngapi? Kama ni marumaru nyeupe umepigwa, milimani kwa mvua zile inaota ukungu mwaka wa kwanza. Chukua nyeusi, herufi zichongwe zizame, zisipakwe rangi tu.

DadaBielefeld
Subiri. Kama sehemu ya baba haisomeki, hilo jina la ukoo umelitoa wapi?

MjukuuWaMlalo
Shangazi alitutajia shamba. Nikatafuta majina ya walowezi wa wakati ule, nikapata mwenye shamba hilo. Jina nalihifadhi. Shamba ni lile, miaka ni ile, kwa hiyo mwenyewe ndiye.

MtotoWaMkonge
Hapana mkuu. Nimekulia kambi ya mkonge Korogwe, baba alikuwa nyapara. Shamba moja lina mwenye mali, ambaye pengine haonekani mwaka mzima, lina meneja, msaidizi, fundi wa mitambo, karani. Ukiambiwa "Mzungu wa shamba fulani" anaweza kuwa yeyote kati ya hao. Unamwandika bibi yako kwenye ukoo wa mtu ambaye labda hakuwahi hata kumwona mama yake.

DadaBielefeld
Na hiyo sehemu ya baba, haisomeki kweli? Weka picha.

MjukuuWaMlalo
Inasomeka.

Imeandikwa jina la babu aliyemlea. Msambaa, aliyemuoa mama yake bibi baada ya vita. Siku ya ubatizo walibatizwa wote watatu. Lakini wakuu, kila mtu alijua hakumzaa! Mmisionari aliandika alivyoambiwa. Mimi nataka ukweli uandikwe mahali, angalau mara moja. Bibi aliishi miaka 83 akiitwa Mzungu na hakuna aliyethubutu kumwambia Mzungu yupi.

MzeeWaBumbuli
Mwanangu, sikukemei. Nakuuliza jambo moja tu. Bibi yako alipoolewa, mahari yake alipokea nani?

MjukuuWaMlalo
Huyo babu.

MzeeWaBumbuli
Na wajukuu zake wapo?

MjukuuWaMlalo
Wapo, ndio majirani zetu. Ndio waliochimba kaburi la bibi.

MzeeWaBumbuli
Umewauliza?

Mkaguzi77
Samahani, naona tunachezewa. Uzi huu ni hadithi ya kutunga. Waingereza waliiteka Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, Juni 1916. Kufikia 1920 Wajerumani karibu wote walikuwa wamesharudishwa kwao, wamisionari wakiwemo, na walianza kurejea katikati ya miaka ya 1920. Sasa huyu bibi alibatizwaje na mmisionari Mjerumani mwaka 1921? Jina anahifadhi, usharika anahifadhi, fundi hana jina. Kesho ataomba mchango.

BandariSalama
Eh! Mwenyewe nilianza kumwonea huruma.

MamaUpendo
Tubu mwanangu.

MjukuuWaMlalo
Mkaguzi, sijaomba senti ya mtu. Lakini umenifanya nirudi kwenye picha usiku huu. Ukurasa wa 1921 umeandikwa kwa Kiswahili. Herufi ni za kawaida, nilizisoma bila shida, na mwisho wa mstari ametia sahihi mwalimu, jina la kwetu kabisa. Mimi nilipoona kitabu cha zamani na wino ule nikaona kila mstari ni wa Mjerumani. Nimekosea, mmisionari hakuwepo.

Kurasa za nyuma ndizo za Kijerumani hasa. Naweka picha moja ya mazishi, 1913, maana kijiji ni chetu na jina la mama nalitambua. Mtoto naona kama "Elifabnth", sijui ni jina gani.

MzeeWaBumbuli
Basi aliyeandika 1921 alikuwa mtu wa hapo hapo, aliyewajua wote watatu. Hakudanganywa. Mbele ya kanisa yule bwana alisema huyu ni mwanangu, mwalimu akaandika.

Mkaguzi77
Kama picha ni ya kweli naomba radhi. Kwa 1913 sina ubishi.

DadaBielefeld
Nimeikuza picha, nimekaa nayo saa nzima. Katika mwandiko ule s ndefu inafanana na f, na e inafanana na n yetu. Si Elifabnth. Ni Elisabeth.

Mstari unasema hivi: amezikwa Elisabeth, umri siku tisa, alibatizwa kwa dharura. Mama: ndilo hilo jina unalolitambua, la nyumbani, bado hajabatizwa. Baba: "Europäer". Mzungu, basi. Jina halikuandikwa, na hapajaachwa nafasi ya kuliandika.

Mjukuu, kama mama ni yuleyule, bibi yako alikuwa na dada aliyemtangulia kwa miaka miwili.

MtotoWaMkonge
Elizabeti si ndilo jina la yule shangazi aliyekusimulia?

MjukuuWaMlalo
Ndilo.

Nimempigia baba asubuhi. Sikutaja jiwe. Nimemsomea mstari ule pole pole kama Dada alivyouandika. Akaniambia nirudie siku tisa. Kisha akasema mama yake alikuwa na mahali pa kupalilia kila kabla ya Pasaka, chini ya mparachichi ukingoni mwa shamba, hapana alama yoyote, na watoto walikatazwa kukanyaga pale. Alifikiri ni mambo ya mizimu, akaona aibu kuuliza kwa kuwa walikuwa Wakristo. Akaniuliza mti ule bado upo? Nikamwambia sijui.

Fundi nimemwambia asimamishe. Ameshachonga jina la ubatizo na miaka, la ukoo hajaanza. Amekasirika, anataka kujua aandike nini, nimemwambia kwanza nina watu wa kuwauliza, majirani zetu.

FunduMarumaru
Mwambie asiisugue tena hiyo nafasi, aiache kama ilivyo. Ikisuguliwa mara mbili inashuka, herufi za mwisho hazitalingana na za kwanza.

MjukuuWaMlalo
Asante fundi, nitamwambia. Jumamosi napanda Mlalo na baba.