Kuitazama upya Africa Addio: tuipokee picha na kuikataa sauti?

Mwanapwani aliuliza:

Ndugu zangu, Africa Addio, filamu ya Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi iliyotoka mwaka 1966, niliiona mara ya kwanza nikiwa kijana, katika mkanda wa video uliochakaa kwa kunakiliwa. Juzi nimeitazama tena. Safari hii kilichonikera zaidi ya damu ni sauti ya msimulizi, ambaye tangu mwanzo ameshakata shauri kwamba Mwafrika akiachiwa nchi yake ataiharibu, na kila kinachofuata, yawe mashamba ya walowezi wa Kenya au wanyama wanaochinjwa mbugani, kinaletwa kuithibitisha hukumu hiyo. Hata hivyo humo ndani mna zile dakika chache za Unguja wakati wa Mapinduzi ya Januari 1964, zilizopigwa kutoka angani: misururu ya watu wanaokimbilia ufukweni, na maiti zilizolala katika kanzu nyeupe. Je, inawezekana kuzipokea picha hizo kama ushahidi na papo hapo kuikataa filamu iliyozibeba?

Mhariri wa Picha alijibu:

Kabla ya yote, hakikisha umeona toleo lipi. Mwaka 1970 msambazaji wa Marekani, Jerry Gross, aliitoa kwa jina la Africa Blood and Guts baada ya kukata sehemu kubwa ya maelezo ya kisiasa na kubakiza mauaji ya watu na wanyama, na Jacopetti mwenyewe aliikana kazi hiyo. Hilo halilisafishi toleo la kwanza. Wawili hawa walikuwa wameshajipatia jina kwa filamu yao Mondo Cane ya mwaka 1962, na walilaumiwa kwa kuchanganya tukio halisi na lililopangwa bila kumwonyesha mtazamaji mpaka ulipo.

Mimi kazi yangu ni uhariri, na ningekushauri uitazame sehemu ya Unguja ukiwa umezima sauti kabisa, kwa sababu muziki wa Riz Ortolani ni mpana na mtamu, nao hukuamrisha namna ya kuhuzunika kabla hujapata nafasi ya kuuliza unachokitazama. Ukiuondoa, utaona jinsi kamera inavyotafuta: inaivuta ardhi karibu, inasita juu ya kundi la watu, inahama, inarudi tena palepale. Lakini aliye angani hawezi kumuuliza mtu jina lake. Picha inakuonyesha kwamba watu walikufa; nani aliwaua na kwa nini, hayo yote umeambiwa na msimulizi, na msimulizi ndiye huyo huyo usiyemwamini.

Mjukuu wa Unguja alijibu:

Nakubaliana na Mhariri, ila naomba tusiishie hapo. Kwa mtu aliyempoteza babu yake katika siku zile, hizi si picha za kujadili ustadi wa kamera, na hawezi kuambiwa asubiri filamu nyingine iliyo safi zaidi. Leo kipande hicho kinazunguka kwenye simu kikiwa kimenyofolewa kutoka filamu nzima, huyu akikitumia kuyalaani Mapinduzi yote, yule akikikataa chote kwa kuwa waliokipiga walikuwa wabaguzi, na marehemu wamo katikati wanavutwa huku na kule.

Kinachonichoma ni kile ambacho msimulizi hakukisema. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha ASP (Afro-Shirazi Party) kilipata zaidi ya nusu ya kura, lakini muungano wa vyama vya ZNP (Zanzibar Nationalist Party) na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) ukapata viti vingi zaidi na kuunda serikali. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba, na tarehe 12 Januari serikali hiyo ikapinduliwa. Filamu inayapita hayo na kulifanya jambo zima kuwa kisasi cha kale kati ya Mwarabu na Mwafrika, kana kwamba watu wa visiwa hivi hawakuwa na vyama, magazeti wala ugomvi wa kura. Anayekionyesha kipande hicho kwa vijana ana wajibu wa kuyaeleza haya pia, na kuyaeleza hakumpunguzii yeyote dhambi ya kumuua asiye na hatia.

Wa Kisangani alijibu:

Kwetu Kongo swali ni zito zaidi, maana huko kamera haikuwa angani. Ilitembea bega kwa bega na mamluki mwaka 1964, na mwandishi wa gazeti la L'Espresso, Carlo Gregoretti, alidai kwamba mauaji ya mtu mmoja yalipangwa yaendane na matakwa ya mpiga picha. Jacopetti alichunguzwa na vyombo vya sheria vya Italia, akasafishwa. Mimi bado siwezi kuitazama sehemu hiyo bila kujiuliza kama mtu yule angekufa dakika ile ile pasipo kamera kuwapo.

Mwanapwani aliandika tena:

Ahsanteni sana. Mkanda wangu wa zamani ulikuwa na damu nyingi na siasa kidogo, kwa hiyo huenda ulitokana na lile toleo la Gross. Mjukuu, kama wazee wa kwenu wapo radhi, ningependa tukitazame kile kipande pamoja nao bila sauti, wao ndio wasimulie, nasi tuyarekodi maneno yao.