Portland: viti vitatu kwa wilaya, nafasi sita kwenye karatasi. Kura yangu inahesabiwaje?

Mwanakura_D3

Wakuu, naomba kueleweshwa. Niko Wilaya ya 3, Portland, Oregon. Madiwani wetu na wale wa Wilaya ya 4 walichaguliwa Novemba 2024 kwa miaka miwili tu, kwa hiyo tarehe 3 Novemba 2026 ni zamu yetu tena. Wilaya ya 1 na ya 2 wao ni hadi 2028.

Kupanga wagombea kuanzia wa 1 hadi wa 6 nimeelewa. Yanayonichanganya ni matatu. Kwanza, viti vikiwa vitatu, je, nina kura tatu? Pili, wanasema mgombea akivuka 25% "ziada" yake inahamia kwa wengine: nani anaamua ni karatasi zipi zihame na zipi zibaki? Tatu, kuna watu wa kampeni wanaosema nimpange mtu wao peke yake, kwamba nikiandika wa pili namharibia wa kwanza. Hili lina ukweli?

Kapteni_Hesabu

Una kura moja, mkuu. Viti vitatu ni vya wilaya, si vyako. Hizo nafasi sita ni maelekezo tu ya wapi kura hiyo moja iende pale inapokosa kazi kwa mtu wa kwanza.

Twende na namba. Tuseme kura halali za wilaya ni 80,000. Unagawa kwa idadi ya viti jumlisha moja, yaani kwa 4, unapata 20,000, kisha unaongeza kura moja. Kizingiti ni 20,001. Kwa nini robo na si theluthi? Kwa sababu watu watatu wanaweza kufika 20,001, lakini wanne hawawezi: 20,001 mara nne ni 80,004, na kura hizo hazipo. Ndiyo idadi ndogo kuliko zote inayomhakikishia mtu kiti.

Raundi ya kwanza zinahesabiwa chaguo za kwanza tu. Mgombea A anapata 25,000. Ameshinda, na ana ziada ya 4,999. Sasa swali lako la pili: hakuna anayechagua karatasi. Zote 25,000 zinahama, ila kila moja inahama na kipande tu. Gawa 4,999 kwa 25,000, unapata 0.19996. Kila aliyempigia A, sehemu 0.80004 ya kura yake inabaki kumshikilia A kwenye kiti, na 0.19996 inaenda kwa chaguo lake linalofuata.

Kama 10,000 kati yao walimweka B wa pili, B anaongezewa 1,999.6. Alikuwa na 17,500, sasa ana 19,499.6. Bado hajafika. Na kama 5,000 kati ya waliompigia A hawakuandika mtu mwingine yeyote, vipande vyao, jumla 999.8, havina pa kwenda. Angalia hapo: B amepungukiwa kura 501.4, na karibu elfu moja zimeishia hewani.

Ziada zikiisha na viti bado vipo, anatolewa mwenye kura chache kuliko wote, na karatasi zake zinakwenda kwa chaguo linalofuata ambalo bado limo kwenye mbio. Hapa watu wengi huteleza: karatasi iliyokuwa yake tangu mwanzo inahama ikiwa nzima, kura 1. Iliyomfikia kutoka kwa A inahama na kile kile kipande cha 0.19996. Ndiyo maana majedwali ya matokeo yana desimali. Hakuna aliyekosea kuchapa.

Bi_Karani

Kapteni kamaliza hesabu, mimi niseme ya karatasi yenyewe, kwa sababu huko ndiko kura nyingi zinakopotea kabla hata hesabu haijaanza.

Karatasi imepangwa kama jedwali. Majina yanashuka chini, nafasi sita zinakwenda kwa upande: safu ya kwanza ni chaguo la kwanza, ya pili la pili, hadi la sita. Unajaza kiduara kimoja kwa kila safu.

Kosa baya kuliko yote ni la mtu anayesikia "viti vitatu" akajaza viduara vitatu kwenye safu ya kwanza. Machoni pake amechagua watu watatu. Kwa mfumo amesema "hawa watatu wote ni wa kwanza", na kwa kuwa kura ni moja, safu hiyo haimpi yeyote kitu. Swali lako la kwanza, Mwanakura, ndilo linalozaa kosa hili, kwa hiyo umefanya vizuri kuuliza mapema.

La pili ni kumjaza mtu mmoja safu zote sita ukidhani unamwongezea nguvu. Anahesabiwa mara moja tu; viduara vingine vitano ni wino umekwenda bure, na akishatolewa kura yako imekwisha.

Kuruka safu si balaa. Ukijaza ya 1, ukaiacha ya 2, ukajaza ya 3, aliye kwenye safu ya 3 anasogezwa na kuwa wa pili wako. Ila usifanye makusudi, hakuna faida yoyote.

Ukiharibu karatasi, usianze kufuta na kuchorachora juu ya jedwali lenye viduara vingi hivyo. Omba karatasi nyingine ofisi ya uchaguzi ya Kaunti ya Multnomah.

Kisha bahasha. Oregon inapiga kura kwa posta. Bila sahihi yako kwenye bahasha, kura haifunguliwi. Na sahihi inalinganishwa na ile ya kwenye daftari la wapiga kura. Ikionekana hailingani utaandikiwa barua, na una siku 21 baada ya uchaguzi kurekebisha, kwa hiyo usiitupe barua hiyo ukidhani ni tangazo. Kura inakubaliwa ikiwa na muhuri wa posta wa siku ya uchaguzi au kabla, na ifike ndani ya siku saba. Lakini muhuri hugongwa barua inaposhughulikiwa, si unapoitumbukiza. Ukichelewa hadi siku yenyewe, peleka kwenye sanduku rasmi la kura kabla ya saa 2 usiku.

Mwanakura_D3

Asanteni sana, dada Karani na Kapteni. Sasa hilo la tatu. Kama kipande cha kura yangu kinatoka kwa A kwenda kwa B, si kweli basi kwamba nimempunguzia A?

Mzee_wa_Raundi

La. Kipande kinatoka A akiwa tayari ameshinda. Kiti chake hakiondoki. Ama kura inahama kwa sababu A ametolewa, na hapo hana tena cha kupunguziwa. Maadamu A bado anapigania kiti, kura yako iko kwake nzima, na mfumo haujasoma hata jina la pili. Anayekwambia uandike jina moja anailinda kampeni yake, hailindi kura yako.

Ila niongeze jambo ambalo wenzangu hawakuligusa. Wapo wajanja wanaofanya kinyume: wanajua A atashinda tu, kwa hiyo wanamruka au wanamshusha ili kura yao nzima, si kipande, iende kwa B. Kwa mtu mmoja hesabu hiyo inafanya kazi. Shida ni kwamba wazo zuri linawajia wengi kwa wakati mmoja, na A "aliyekuwa na uhakika" anaanza raundi ya kwanza na kura chache, halafu anabaki kuomba chaguo la pili la watu. Kwa wilaya yenye kura elfu nyingi na wagombea wengi, wewe hujui nani ana uhakika. Panga unavyopenda kweli.

La muhimu zaidi kwa Wilaya ya 3 ni wingi wa majina. 2024 jiji zima lilikuwa na karibu wagombea 100 kwa viti 12. Nafasi sita hazitoshi kuwamaliza. Ukijaza watu sita ambao wote wanatolewa raundi za mwanzo, kura yako inakwisha njiani na raundi za mwisho zinaamuliwa bila wewe. Weka unaowapenda juu hata kama ni wadogo, hiyo haina hasara. Lakini nafasi ya tano au ya sita mpe mtu unayeweza kumvumilia na ambaye unaona atafika mbali.

Kapteni_Hesabu

Mzee yuko sahihi, na kura hizo zinazokwisha zina tokeo moja linalowashangaza watu kila mara. Kizingiti kinatokana na kura za raundi ya kwanza, hakishuki kadiri karatasi zinavyoisha. Kwa hiyo mshindi wa tatu anaweza kuingia bila kufika 25%: wamebaki wagombea wachache, mwingine katolewa, viti vilivyobaki vinalingana na watu waliobaki, basi. Si wizi wala si kosa la mashine.

Jambo jingine: msikatishwe tamaa wala msishangilie mapema usiku wa uchaguzi. Kura za posta zinaendelea kuingia, na kila fungu jipya linapoongezwa hesabu nzima inaanza upya kutoka raundi ya kwanza. Wagombea wawili wa chini wakiwa wamepishana kura chache, fungu jipya linaweza kubadili nani anatolewa kwanza, na hapo njia yote ya juu yake inabadilika, maana kura za huyu haziendi kule zinakokwenda za yule.

Nyuki_wa_Mtaa

Mimi sina ubishi na hesabu, nina ubishi na ugumu wake. Mfumo wa zamani ulikuwa mwepisi kueleza: nani kapata nyingi. Huu nimwelezeje mama mtu mzima mwenye karatasi mkononi?

Bi_Karani

Si lazima mpiga kura ajue 0.19996, Nyuki. Mwambie mama: "Weka unayempenda wa kwanza, kisha unayempenda akikosekana huyo, endelea mpaka uishiwe na unaowataka, mmoja kwa kila safu." Hayo yanatosha kujaza karatasi bila kosa.

Na huo wepesi wa zamani ulikuwa na gharama. Meya na makamishna wanne walichaguliwa na jiji zima, na kila mmoja akasimamia idara zake, mtindo uliodumu tangu 1913. Mashariki ya jiji, ng'ambo ya barabara kuu ya I-205, ilikuwa nadra kumpata mtu wake mezani. Sasa eneo hilo ndilo msingi wa Wilaya ya 1 na lina madiwani watatu. Pia kura ya mchujo ya Mei haipo tena kwa viti hivi. Ni Novemba mara moja.

Mzee_wa_Raundi

Nyuki, tofautisha na kura ya meya, maana 2024 ilikuwa kwenye karatasi hiyo hiyo na watu wanazichanganya. Meya ni kiti kimoja, kwa hiyo anayetafutwa ni mwenye zaidi ya nusu ya kura ambazo bado ziko hai, na hakuna ziada ya kugawa. Kazi ni kumtoa wa mwisho tu, raundi hadi raundi. 2024 walikuwa wagombea 19, makamishna watatu waliokuwa madarakani wakiwemo, na Keith Wilson akawashinda wote. Wa kwenu 2026 ni madiwani tu kwa upande wa baraza, meya ana muda hadi 2028.

Mwanakura, ukiwa unapima wagombea, waulize swali moja ambalo mfumo mpya umelizaa: watafanyaje kazi kwenye baraza la watu 12? Kupitisha jambo kunahitaji kura 7. Meya si mjumbe wa baraza, hana turufu ya kuzuia uamuzi, na anapiga kura pale tu penye sare. Sare ya 6 kwa 6 si ya kufikirika: Januari 2025, kikao cha kwanza cha kumchagua rais wa baraza kilikwama hapo hapo raundi kadhaa kabla ya Elana Pirtle-Guiney kupata kura ya saba.

Mwanakura_D3

Nimewapata. Moja la mwisho: nikijaza watu watatu tu ninaowataka kweli, nikaacha nafasi tatu wazi, karatasi inakataliwa?

Bi_Karani

Haikataliwi. Inahesabiwa maadamu mmoja wa hao watatu bado yumo. Wote wakishatolewa, au wakishashinda, haina tena sauti kwenye kiti kilichobaki. Kama kweli huna wa nne, acha wazi. Kama unaye ila umechoka kusoma majina, kitabu cha wapiga kura kinachotumwa nyumbani kina maelezo ya wagombea waliowasilisha ya kwao.