Friji haitoi barafu: nibadili sensa, mashine nzima ya barafu, au ninunue ya mezani?

Mwanakigamboni
Wakuu, habari za jioni. Friji yangu ya milango miwili imeacha kutoa barafu. Friza iko vizuri, samaki anaganda anakuwa jiwe. Fundi kaja, kasema sensa (ile inayopima baridi ya trei ya barafu) imekufa, ila anashauri tubadili mashine nzima ya barafu kwa sababu sensa peke yake haipatikani. Mama watoto yeye anataka tununue ile mashine ndogo ya kuweka mezani. Jumamosi nashuka Kariakoo. Nichukue kipi?

fundi_baridi
Mkuu, modeli gani? Maji ya friji yanatoka wapi? Fundi alipima kwa mita au alitazama tu? Na kubwa kuliko yote: trei ya barafu mle ndani imekauka, au ina barafu iliyogoma kudondoka? Hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa.

Mama Shufaa
Chukua ya mezani, kaka. Ninayo, naitumia kwenye biashara ya juisi. Unamimina maji kwa mkono, haina bomba wala fundi. Ikiharibika, friji yako inaendelea na kazi.

fundi_baridi
Dada, ya mezani inatengeneza barafu lakini haiitunzi. Isipotolewa kwenda friza inayeyuka. Kwa juisi sawa, kwa nyumbani ni kazi ya ziada.

Mama Shufaa
Kuhamisha barafu ni kazi gani hiyo jamani? Kumsubiri fundi siku nzima ndiyo kazi.

Njoro_Msa
Ndugu yangu, hapo kwa "tubadili mashine nzima" kuwa mwangalifu sana. Yalinikuta hapa Mombasa. Barafu ilikatika, fundi akafungua, akasema sensa na mota zote zimekwisha. Nikalipia mashine mpya. Ikatoa barafu siku chache, ikakatika tena. Akarudi, sasa akasema ni bodi, ile saketi inayoongoza friji. Nikamwambia bodi sinunui. Nikamwita mzee mmoja wa mtaani anayetengeneza friji za mabucha. Hakugusa sensa. Alivuta kile kijibomba kinachomimina maji kwenye trei, akakiinua kwenye mwanga: kimeziba barafu kuanzia mdomoni hadi katikati. Valvu ya maji nyuma ya friji ilikuwa haifungi sawasawa, inadondosha tone tone, na tone likifika kwenye baridi linaganda palepale. Akayeyusha kwa maji ya moto, akabadili valvu, kazi kwisha. Mashine ya zamani ilikuwa nzima! Nikimuuliza yule wa kwanza iko wapi, ati alishaiuza kama chuma chakavu. Mpaka leo inaniuma.

Kibo_Juu
Hii yote ni sababu ya umeme. Weka frijigadi, kile kifaa cha kulinda friji na umeme. Umeme ukikatika na kurudi ghafla ndiyo unaoua sensa.

fundi_baridi
Frijigadi ni muhimu, hasa kwa kompresa na bodi. Lakini sensa ya barafu ni kitu kidogo kinachotumia umeme mdogo sana wa bodi. Mara nyingi kinachoiua ni unyevu unaopenya kwenye kichwa chake.

Mwanakigamboni, kuipima si kazi kubwa. Chomoa friji kwenye umeme. Tenganisha soketi ya sensa, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme). Nyingi ni za kilo-omu 10 kwenye nyuzi 25, zipo pia za 5 na nyingine. Ya 10, kwenye joto letu la nyuzi 30, itasoma kama 8. Kisha itumbukize kwenye glasi ya barafu iliyochanganywa na maji, subiri itulie: inapaswa kupanda hadi karibu 32. Baridi ikizidi, namba inapanda. Isiposogea, au mita isiposoma kitu, sensa imekufa. Ikisoma chini kuliko inavyotakiwa, bodi itadhani bado kuna joto, barafu itaganda kwenye trei na haitamwagwa.

Kibo_Juu
Mita za bei rahisi zinadanganya, mkuu.

fundi_baridi
Kwa kazi hii zinatosha. Unatafuta kama inasogea, hutafuti desimali.

Mwanakigamboni
Samahanini, nilikuwa kazini. Modeli nimemtumia fundi_baridi inbox, stika iko ndani karibu na droo ya mboga. Fundi hakupima kwa mita. Trei nimeitazama sasa hivi: ni kavu, chini kuna utando mwembamba wa barafu kama kioo. Maji ni ya simtanki, liko juu ya mnara wa kama mita tatu.

fundi_baridi
Umeona sasa? Trei kavu, maji hayafiki. Tanki la mita tatu linakupa msukumo wa kama ba 0.3 (ba, yaani "bar", ni kipimo cha msukumo). Valvu nyingi za friji zinataka kuanzia kama 1.4. Tena valvu hizi zinajifunga kwa msaada wa msukumo huohuo, ukiwa mdogo zinadondosha, kama ilivyomkuta Njoro. Chomoa pia filta ujaribu bila hiyo kama friji yako inaruhusu, inaweza kuwa imeziba. Mimi nisingenunua sensa kabla ya hapo.

Mwanakigamboni
Lakini mwaka jana ilikuwa inatoa barafu na tanki ni hilohilo.

Njoro_Msa
Filta ilikuwa mpya?

Mama Shufaa
Na maji ni ya kisima? Ya kisima huku Kigamboni yana chumvi, barafu yake inaharibu ladha ya juisi hata ukitengeneza kwa mashine ya dhahabu.

Mwanakigamboni
Nachanganya, dada. Ya bomba yakikatika najaza ya kisima.

Kibo_Juu
Basi nunua pampu ndogo ya kuongeza msukumo. Hapo hata bafuni utafaidi.

Mama Shufaa
Pampu na umeme huu wa luku? Hesabu vizuri kaka.

Kibo_Juu
Inawaka maji yakifunguliwa tu, dada. Mimi ninayo.

Mama Shufaa
Inapiga kelele? Chumba cha mtoto kiko karibu na tanki langu.